Wenye mbwa, wapeni vijana wenu koleo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye mbwa wa jiji hili, hasa wa huku kwetu Mikocheni na majirani zetu wa Msasani na Mbezi Beach. Mimi ni mfagia barabara. Mnatuona asubuhi na vizibao vyetu vya rangi ya chungwa, tumeinama na fagio za chelewa, nanyi mkipita na magari mnapandisha vioo kwa sababu ya vumbi. Sina ugomvi na vumbi. Vumbi, majani ya mwarobaini, maganda ya miwa, chupa za maji, hayo ndiyo niliyoajiriwa kuyaondoa. Kinyesi cha mbwa wa mtu hakimo katika kazi niliyopewa, na hata kingekuwamo, ufagio haukiwezi.

Hapo nieleze kidogo, maana wengi hawajui. Ufagio wa chelewa ni wa kitu kikavu. Ukiugusisha kwenye kinyesi kibichi, unakipaka. Njiti zinakishika, na kila hatua unayopiga unaendelea kukigawa barabarani mpaka mwisho wa mtaa. Aliyezoea kazi hukifunika kwanza kwa mchanga, akauacha unyonye majimaji, ndipo akazoa kwa koleo, mchanga na vyote. Shida ni kwamba saa 11 alfajiri, taa ya barabarani ikiwa haiwaki, hukioni. Unakijua kwa harufu, na ufagio umeshaingia. Kiangazi nacho kina adha yake: kinakauka, kinapauka, matairi yanakisaga, na sisi tunakivuta puani pamoja na lile vumbi mnalolikimbia.

Jibu la kwanza nitakalopewa ninalijua kwa sababu nimeshalisikia getini: "Hao ni mbwa koko, mama, si wa kwetu." Mbwa koko wapo, sikatai. Usiku wanazurura kwenye majalala na nyuma ya vibanda vya chipsi. Lakini mbwa koko hana saa wala hana kamba. Ninaowaona mimi wanatoka getini saa 12 asubuhi na mkanda shingoni, wameshikwa na kijana wa kazi au mlinzi aliyekesha, wanavuka barabara, wananusa ukuta wa jirani, wanachuchumaa. Huwa ni ukuta wa jirani, ukuta wa kwao unabaki safi. Isitoshe, hata kilichoachwa kinajieleza. Mbwa koko anakula mifupa na makombo ya ugali, mbwa wa ndani ya fensi anakula chakula cha dukani, na kinachotoka hakifanani. Wanaosoma huku wakinywa chai wanisamehe, lakini mtu akifanya kazi hii anaweza kuwatajia nyumba kwa nyumba.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niandike. Kuna kijana mmoja ninayekutana naye karibu kila asubuhi, anatembeza mbwa wawili wakubwa ambao wao ndio wanaomtembeza yeye. Siku moja mmoja wa mbwa hao akashusha mzigo hatua chache tu kutoka mahali nilipokwisha kufagia. Kijana akanisalimia, "Shikamoo mama," nikamwitikia, nikamuuliza: mwanangu, hicho unamwachia nani? Akatazama chini. Akasema, "Mama, bosi kaniambia niwatoe wasichafue bustani. Hajanipa kitu cha kuzolea."

Wasichafue bustani! Yaani nyasi za ndani zina thamani, barabara ya watu haina. Na yule kijana ukimtazama vizuri hana kosa kubwa. Mkono mmoja umeshika kamba mbili, wa pili umeshika simu, basi. Koleo hana, ndoo hana, na hakuna aliyemwambia kuwa kuzoa ni sehemu ya kazi. Akifika nyumbani bosi anamuuliza kama mbwa wametembea, haulizwi walichoacha. Bosi mwenyewe anatoka saa 2 garini, vioo juu, anapita juu ya mzigo wa mbwa wake bila kujua.

Mwanangu anayesoma chuo alinisomea kwenye simu habari za New York, Marekani. Huko sheria ya kumtaka mtu azoe kinyesi cha mbwa wake ilianza kutumika mwaka 1978, meya akiwa Ed Koch, na waliokuja kuisimamia zaidi ni majirani wenyewe, kwa macho na kwa midomo. Mtu akikiacha kinyesi cha mbwa wake na kuondoka, anaitwa mbele za watu. Nilifurahi kusikia, halafu nikafikiri: kule anayeshika kamba mara nyingi ndiye mwenye mbwa, kwa hiyo aibu inamfikia mwenyewe. Kwetu aibu inaishia kwa kijana aliyetoka mkoani juzi, ambaye hata mkutano wa mtaa hajui unafanyikia wapi. Ukimsema yeye umesema na kamba. Wa kusemwa yuko nyuma ya geti.

Paris nao walijaribu njia nyingine. Miaka ya 1980 jiji lilinunua pikipiki zenye bomba la kunyonya, zikawa zinapita kwenye njia za waenda kwa miguu zikikusanya uchafu wa mbwa. Gharama ilikuwa kubwa na uchafu ulikuwa unarudi palepale, na miaka ya 2000 ilipoanza wakaziacha. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaoniambia, "Si ndiyo kazi yenu, mnalipwa?" Kama Paris na pikipiki zao walishindwa, mimi na toroli lenye gurudumu bovu nitafika wapi?

Kuna na jambo la afya, na hapa sitanii. Kwenye kona moja ninapopumzikia kuna mama lishe anayeuza supu na chapati. Mtoto wake mdogo, bado hajaanza shule, hushinda akicheza kwenye mchanga chini ya mwembe, peku, maana ndala huzivua dakika ileile anayovalishwa. Akaanza kujikuna wayo mpaka usiku halali. Mama yake akanionyesha: mstari mwekundu umevimba chini ya ngozi, umepinda huku na huku, na kesho yake umesogea mbele. Zahanati wakamwambia ni viluwiluwi vya minyoo, wanatoka kwenye kinyesi cha mbwa au paka. Mayai yanaanguliwa kwenye mchanga wenye joto na unyevunyevu, na hivyo viluwiluwi vinapenya ngozi ya anayekanyaga peku au anayekaa chini. Mtoto akapewa dawa, akapona. Lakini mchanga wa chini ya mwembe ni uleule, na mbwa wa asubuhi ni walewale. Ipo na minyoo mingine ya mbwa ambayo mayai yake hudumu kwenye udongo miezi mingi, na mtoto akipeleka mikono mdomoni humwingia tumboni, wakati mwingine ikaenda mpaka kwenye jicho. Wazazi mnaokwenda Coco Beach Jumapili kula mihogo, mkawaacha watoto wachimbe mchanga, jambo hili ni lenu pia.

(Nimesikia watu wakisema kinyesi kinaleta kichaa cha mbwa. Hapana. Kichaa kinakuja kwa mate, mbwa mgonjwa akikuuma au akilamba kidonda. Tusichanganye, tukaharibu hoja nzuri. Ila daktari wa mifugo anayekuja kumchanja mbwa wako ndiye huyohuyo wa kumpa dawa ya minyoo, kwa hiyo muulize.)

Wazee wanaokwenda swala ya alfajiri sitawasemea kwa urefu, wana midomo yao. Nimemwona mmoja amesimama gizani, kanzu kaishika kwa mikono miwili, anatafuta maji ya kuosha kiatu huku iqama inasikika. Sikuhitaji kuelezwa kilichompata.

Wengine husema ni mbolea, mvua ikinyesha itaingia ardhini. Samadi ya ng'ombe watu wanainunua, na kwenye mabonde ya mchicha utaona magunia yake. Sijaona mkulima akiulizia ya mbwa, kwa sababu mbwa anakula nyama na tumboni kwake mna minyoo inayoweza kumwingia mtu. Na mvua ya huku kwetu haikiingizi ardhini. Mnaijua masika ya Mikocheni: mitaro imejaa mchanga, maji yanapanda barabarani, yanaingia mpaka sebuleni. Kila kilichoachwa ukutani kinaelea nayo. Kinachopata njia kinakwenda baharini, na kisichopata kinabaki uwanjani kwa mtu.

Bosi mmoja, huyu ni muungwana kwa kuwa angalau alisimama tukazungumza, aliniambia: "Mama, Serikali imepiga marufuku rambo, nizolee nini?" Ni kweli, tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea hairuhusiwi, na sisi wafagiaji tunashukuru kuliko mtu yeyote, maana ndiyo iliyokuwa inaziba mitaro. Lakini mbwa walikuwapo kabla ya rambo. Nunua koleo dogo la bustani na ndoo ndogo yenye mfuniko. Ukiona ndoo inakuaibisha, beba karatasi: gazeti la jana likikunjwa mara mbili linatosha, hata hili la kwako, Mhariri, usichukie, maana wauza karanga walishaanza zamani. Mkifika nyumbani, kinyesi kitumbukizwe chooni na karatasi iende kwenye taka. Msikitie kwenye kiroba kinacholala getini kikingoja gari la taka, kwa sababu kiroba hicho kitatobolewa na hao mbwa koko mnaowasingizia, na asubuhi nitakikuta mimi.

Ninachoomba ni hiki. Kwa mwenye mbwa: kesho asubuhi, kabla kijana hajafungua geti, mpe koleo na ndoo, mwambie kwa kinywa chako kuwa kuzoa ni kazi yake na wewe ndiye uliyemtuma. Mnunulie na glavu. Kama mshahara wake ulipangwa bila kazi hiyo, mnajua cha kufanya. Au siku moja moja toka naye wewe mwenyewe, uone mtaa wako bila vioo vya gari.

Kwa wenyeviti wa mitaa: kwenye mikutano tunajadili ulinzi shirikishi, taka, kelele za baa. Siku za usafi tunazibua mitaro. Mbwa sijawahi kuwasikia kwenye ajenda, labda kwa kuwa wenye mbwa wakubwa ndio pia wachangiaji wakubwa. Liwekwe. Mtaa unajua ni nyumba gani zina mbwa, hata usiku unawasikia.

Na kwa manispaa zetu, ambazo zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo: mkiandika kifungu cha mbwa, andikeni kwamba faini inalipwa na mwenye nyumba anakotoka mbwa. Mkiandika "mtu yeyote atakayekutwa na mbwa", mgambo watamkamata yule kijana wa kamba mbili, atalala ndani kwa kukosa hela, na bosi ataajiri mwingine. Najua jinsi mambo yanavyokwenda.

Nisieleweke kwamba nawachukia mbwa. Wale wawili nimeshazoeana nao, mmoja akiniona anatikisa mkia mpaka kiuno kinayumba, na ulinzi wa usiku wanaufanya vizuri kuliko watu wengine wanaolipwa kuufanya. Mbwa hana pa kwenda ila huko anakopelekwa.

Mwenye kutaka kuonyeshwa jinsi ya kuzoa bila kujichafua, mimi na wenzangu tupo barabarani Mikocheni, upande wa Barabara ya Mwai Kibaki ambayo wengi bado tunaiita Old Bagamoyo, kila asubuhi mpaka saa 3. Aje na koleo lake. Mchanga nitampa mimi.

Mfagia barabara,
Mikocheni, Dar es Salaam