Barua kwa mdogo wangu anayekesha na mawazo

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Naiandika barua hii hadharani bila kutaja jina lako, kwa sababu ujumbe ulionitumia ungeweza kuandikwa na wengi tunaoketi nao benchi moja kanisani. Uliniambia umeomba, umefunga, umerudia kila aya unayoijua, na bado usiku wa manane macho ni makavu, moyo unakwenda mbio, na akili inapiga hesabu za mambo ambayo hayajatokea. Ukamalizia kwa sentensi iliyoniuma kuliko zote: "Labda mimi sina imani."

Hiyo sentensi ndiyo ninayotaka kushughulika nayo kwanza, maana naona inakutesa kuliko wasiwasi wenyewe. Una hofu, halafu unaona aibu kwa kuwa na hofu. Sasa mizigo imekuwa miwili, na huu wa pili hukutwikwa na Mungu. Umetwikwa na watu, tena wengine wana nia njema kabisa.

Najua jinsi Wafilipi 4:6, aya ya barua ya mtume Paulo kwa kanisa la Filipi, inavyotumika. Mtu anakuja kifua kimembana, anaambiwa, "Biblia inasema msijisumbue kwa neno lo lote," na mazungumzo yameishia hapo. Anaondoka akiwa ameongezewa hatia. Naomba, mdogo wangu, tuisome barua yenyewe yote. Ni sura nne tu, haimalizi hata nusu saa.

Paulo anaiandika akiwa kifungoni. Katika sura ya kwanza anavitaja vifungo vyake tena na tena, wala hajui kama ataachiwa au atauawa. Anayazungumzia yote mawili waziwazi. Na anawaandikia watu wa Filipi, mji wa Makedonia ambako yeye na Sila walichapwa bakora, wakatupwa katika chumba cha ndani cha gereza, miguu yao ikafungwa kwa mkatale, gogo la kubana miguu. Unakumbuka Matendo 16. Tunapenda kuhubiri jinsi walivyoimba usiku ule, lakini yule mkuu wa gereza tunampita haraka. Tetemeko lilipotokea, akaona milango iko wazi, alidhani wafungwa wametoroka, akafuta upanga ajiue. Paulo ndiye aliyempigia kelele asijidhuru, na usiku uleule mkuu huyo akabatizwa, yeye na watu wake wote. Pengine barua hii iliposomwa kwa sauti mbele ya kanisa, mtu huyo alikuwa ameketi hapo, akisikiliza. Neno lile "msijisumbue" liliwafikia watu wanaoijua hofu, likitoka kwa mtu anayeijua hofu.

Tazama na sura ya pili. Epafrodito alitumwa na kanisa la Filipi ampelekee Paulo msaada, akaugua huko nusura afe. Unajua kilichomhangaisha? Kwamba kule nyumbani wamesikia kuwa anaumwa. Wewe na mimi tunaufahamu vizuri wasiwasi wa namna hiyo: unaumwa wewe, na kinachokunyima usingizi ni mama atajisikiaje akipata habari. Paulo hamkemei hata kidogo. Anamwita ndugu, mtenda kazi mwenzake, askari mwenzake, na anaagiza apokewe kwa furaha na kuheshimiwa. Kisha anaongeza habari zake mwenyewe: Epafrodito angekufa, yeye Paulo angepata "huzuni juu ya huzuni." Anamrudisha kwao upesi "nami nipunguziwe huzuni yangu."

Ni mtu huyohuyo, kurasa mbili mbele, anayesema msijisumbue kwa neno lo lote. Basi hakuwa mtu asiye na mawazo. Alikuwa nayo mengi, na alijua pa kuyapeleka. Hapo ndipo ninapotaka ushike, mdogo wangu. Imani haipimwi kwa kuwa moyo wako haujatikisika. Inaonekana katika kule unakokimbilia ukitikisika, na kwa ujumbe wako nilioupokea, usiku wote ule ulikuwa unamwita Mungu. Mtu asiye na imani hafanyi hivyo.

Ukitaka ushahidi mkubwa zaidi, nenda Gethsemane. Marko anaandika kwamba Yesu "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika," akawaambia rafiki zake watatu kuwa roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye. Na Mathayo anasema aliomba mara tatu, akirudia maneno yale yale. Mwana wa Mungu alirudia ombi moja mara tatu usiku mmoja! Wewe unayeona aibu kwamba umeomba jambo lilelile jana na leo unaliomba tena, soma pale taratibu.

Sasa turudi kwenye sura ya nne. Aya ya sita haisimami peke yake. Aya ya tano inamalizika kwa maneno matatu: "Bwana yu karibu." Watu wengi huyaacha nje wanapoinukuu, na kwangu mimi hayo ndiyo yanayobeba yote yanayofuata. Kumwambia mtu asijisumbue bila kumwambia Bwana yu karibu ni kama kumwamuru mtoto anayelia gizani anyamaze, halafu ukafunga mlango ukaenda zako. Mtoto hanyamazi kwa amri. Ananyamaza akijua kuna mtu chumbani.

Kisha Paulo anasema, "haja zenu na zijulikane na Mungu." Haja zenyewe, kila moja kwa jina lake. Wengi wetu tukiwa na wasiwasi tunaomba kwa jumla: Bwana nipe amani, Bwana nitie nguvu. Si vibaya, lakini hofu inabaki bila sura, na hofu isiyo na sura hukua usiku. Mimi nina daftari dogo kando ya kitanda. Wasiwasi ukinishika, nawasha taa, naandika kitu chenyewe: "Naogopa majibu ya vipimo vya Alhamisi." "Naogopa bosi ataniuliza kitu nisichokijua mbele ya wenzangu." Wakati mwingine nikishaandika naona hofu niliyodhani ni kumi ni mbili tu zinazozunguka. Nazisoma kwa sauti ya chini mbele za Mungu, mstari kwa mstari. Chini yake naandika kitu kimoja cha kushukuru ambacho nimekiona siku hiyo kwa macho yangu, maana Paulo alisema tuombe pamoja na kushukuru. Hakuniagiza nishukuru kwa ajili ya tatizo. Nashukuru kwamba hata siku yenye tatizo ilikuwa na wema wake.

Na uisome vizuri ahadi inayofuata. Haisemi majibu ya vipimo yatakuwa mazuri. Inasema amani ya Mungu, ipitayo akili zote, "itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu." Naona ni lazima tuambiane hili kwa uaminifu, kwa sababu wapo walioahidiwa zaidi ya kilichoandikwa, wakaumia mara mbili. Unaweza kupokea habari mbaya na bado ukahifadhiwa. Nimewaona watu wa namna hiyo, na wewe umewaona.

Mwili nao una mambo yake. Hofu ikiingia, mwili humwaga adrenalini, kemikali inayouandaa kwa hatari: moyo hukimbia, pumzi inakuwa fupi, viganja vinatoa jasho. Ndivyo Mungu alivyouumba ili utuepushe na hatari, tatizo ni kwamba mawazo matupu nayo yanaweza kuuamsha. Unapojisikia hivyo usiku usifikiri umerogwa au umeachwa na Roho Mtakatifu. Mara nyingi wimbi hilo hupanda kwa dakika chache kisha hushuka lenyewe. Keti kitandani, miguu iguse sakafu, vuta pumzi polepole ukisema moyoni, "Siku ya hofu yangu," itoe polepole zaidi ukisema, "nitakutumaini Wewe." Ni Zaburi 56:3. Kichwa cha zaburi hiyo kinasema Wafilisti walikuwa wamemkamata Daudi huko Gathi. Hakusema kama hofu ikija. Siku yake ya hofu ilikuwa imeshafika.

Ule pia, na ulale mchana ukipata nafasi. Nabii Eliya, baada ya ushindi mkubwa juu ya manabii wa Baali katika mlima Karmeli, alikaa jangwani chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, akamtumia malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, "kwani safari hii ni kubwa mno kwako." Maswali yalikuja baadaye, kule Horebu, mlima wa Mungu.

Ikiwa hali hii imekaa wiki nyingi, huli, hulali, kazi hazifanyiki, nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili, nenda bila aibu. Paulo mwenyewe alisafiri na Luka, anayemwita tabibu mpendwa, wala hakuna aliyeona kuwa imani yake imepungua. Dawa ukiandikiwa, inywe huku unaomba. Na ikikujia fikra kwamba ni heri usiwepo, usisubiri kesho. Mwambie mtu siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, usibaki peke yako.

Nimeacha jambo moja kwa sababu linanihusu. Ukiendelea kusoma sura ileile ya nne, baada ya aya zote za amani, Paulo anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliomtumia: "Lakini mlifanya vema, kushiriki nami katika dhiki yangu." Amani ya Mungu ilikuwa naye, na bado alihitaji watu, akalisema bila kujificha. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba hukutaka kunisumbua. Mimi ni dada yako.

Jumapili jioni nitakupigia tusome sura ya kwanza. Wewe utasoma nusu, nami nusu, kisha tutaombea yale utakayokuwa umeyaandika, hata kama ni mstari mmoja. Ukiwa huna nguvu za kusoma, nitasoma mwenyewe. Wewe pokea simu tu.

Nakupenda sana,
Dada yako