Kasema "tutaangalia namna", nyie mmeandika "Serikali kujenga"

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, nikiwa mrefu we kata tu ila usikate pale ninapowasema nyie wenyewe.

Juzi asubuhi nilikuwa soko la Majengo kwa jamaa anayeuza mchele, redio iko juu, kuna kiongozi mmoja anahojiwa (jina silitaji, sina hela ya wakili). Mtangazaji kauliza swali fupi tu, mgao wa maji utaisha lini. Basi mheshimiwa akaanza, "kwanza nikushukuru kwa swali zuri, na kwa namna ya kipekee nimshukuru Mheshimiwa Rais, niwapongeze ndugu zangu waandishi kwa kazi kubwa mnayoifanya, na wana Dodoma wote niwasalimie, mbukwenyi", yaani muuza mchele kapima kilo tatu, kafunga, kapokea hela, karudisha chenji, mtu bado anashukuru. Mwishoni ndo tukasikia kwamba hilo jambo wamelipokea, changamoto zipo, wapo watendaji wachache wasio waaminifu, ila Serikali ni sikivu, upembuzi yakinifu unaendelea na "tutaangalia namna". Mtangazaji akajibu, "ahsante sana Mheshimiwa kwa ufafanuzi mzuri", wakapiga wimbo.

Jamani, sina ugomvi na adabu. Huku kwetu hata ukienda kudai deni lako unaanza na shikamoo na habari za watoto. Wataalamu wa lugha kina Penelope Brown na Stephen Levinson walishaeleza toka miaka ya 1970 kwamba watu tunaongea kwa kulindiana heshima, asiaibike huyu wala yule. Sawa kabisa, lakini tuangalie pale redioni nani alilindwa. Mtangazaji kasifiwa swali lake zuri, akirudia kuliuliza ataonekana hana shukrani. Rais katajwa mwanzoni, ukibisha utaambiwa unambishia yeye. Lawama wamepewa "watendaji wachache", ambao hawana majina wala hawapo studio kujitetea. Aliyebaki bila ulinzi ni mwenye ndoo huku Nkuhungu peke yake.

Na msiniambie kwamba mtu mpole lazima akwepe. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa mpole kweli, lakini akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa walipokufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, aliachia ngazi mwaka 1977 wakati hakumgusa mtu yeye kwa mkono wake. Hakusema watendaji wachache.

Halafu kinachonishangaza zaidi, Bunge liko hapahapa mjini, na huko adabu ndo imezidi, "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri naomba kujibu" kila sekunde. Lakini mbunge akishajibiwa swali lake la msingi anasimama tena na maswali mawili ya nyongeza, na maneno yote yanaingia kwenye Hansadi, ukitaka kumfukunyulia mtu miaka kumi baadaye unayakuta. Mnaporipoti mambo ya Bunge mnaona wenyewe. Sasa mkitoka nje ya geti na maiki zenu hilo la nyongeza mnaliacha wapi? Mwandishi akishaambiwa "swali zuri" anatabasamu, biashara imeisha. Najua wengine mnaogopa kwamba ukimbana leo kesho hakupokelei simu, hilo nalielewa, lakini kuuliza "kwa hiyo ni lini, Mheshimiwa?" sio matusi, na Mheshimiwa umemwita.

Ila kosa kubwa ni la meza yenu ya habari. Mtu kasema "tutaangalia namna", kesho yake gazetini nakuta kichwa "Serikali kujenga" kitu fulani, herufi nene, na picha anacheka. Hapo mmempa faida mara mbili, wananchi wanasoma ahadi, na siku akibanwa anasema yeye hajawahi kuahidi, kawasikilizeni, na ni kweli hajaahidi, mmeahidi nyie.

Ombi langu ni dogo. Mkimhoji kiongozi chapeni na swali lenyewe, na kama hakulijibu andikeni hakulijibu. Na kichwa cha habari kifuate mdomo wake. Akisema ataangalia namna, andikeni "Serikali kuangalia namna", sisi wa Nkuhungu tutaelewa na tutaendelea kununua maji ya toroli.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma