Kabla hujailipia nyumba, uliza habari za taka

Mpendwa Mama Shamim,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo. Baba Brian goti bado linamsumbua ila kazini anakwenda, na watoto wako likizo, kwa hiyo nyumba ni kelele tupu. Nimefurahi sana kusikia uhamisho wako umetoka na kwamba mwezi ujao mnaaga Arua. Umeniomba nikuchagulie kati ya zile nyumba mbili, ya Banda na ya Kireka, na maswali yako yote ni ya maji, umeme, shule na foleni ya Barabara ya Jinja. Hayo nakujibu kwa ufupi: maji yapo, umeme hukatika kotekote, shule hazikosekani, foleni ni ile ile. Kilichonifanya nikuandikie marefu namna hii ni jambo ambalo hukuliuliza kabisa. Hukuuliza taka.

Najua unacheka. Lakini sikiliza. Banda iko Kampala, divisheni ya Nakawa, chini ya KCCA, yaani mamlaka ya jiji. Kireka, ambayo ukitoka Banda unaifikia kwa mguu, iko wilaya ya Wakiso, chini ya Manispaa ya Kira. Barabara ni moja, maduka yamefuatana, na ukimuuliza mtu wa boda mpaka uko wapi atakuonyesha popote ili mradi umpande. Gunia lako la taka ndilo litakalokujulisha uko upande gani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 imeziachia halmashauri za miji kazi ya kuondoa taka. Sasa lori lipite mara ngapi, nani alipe, kiasi gani, hapo kila halmashauri ina lake.

Mimi nimekaa pande zote mbili, kwa hiyo nakwambia niliyoyaona. Kampala iligawanywa kanda, na kila kanda ikapewa kampuni ya kuzoa. Huchagui. Ukihamia mtaa fulani unakuta kampuni yake, na kila mwezi unailipa. Kwenye mitaa ya wanyonge, kama Bwaise au Katanga, malori ya KCCA yenyewe ndiyo hupita bila malipo, ila husimama barabara kubwa maana ndani hayaingii, na aliye ndani sana abebe mzigo wake kichwani awahi. Asiyewahi, mfereji uko karibu. Ndiyo maana mvua ikinyesha sana Bwaise inaogelea kwenye chupa za plastiki.

Upande wa Wakiso kampuni ni nyingi, na wewe au mwenye nyumba mnapatana bei na mnayempenda. Inaonekana uhuru mzuri, sivyo? Kwenye mtaa tunaokaa sasa tulianza na kampuni moja, elfu 20 kwa mwezi, tunalipa kwa simu. Ilipita vizuri hadi sote tulipolipa miezi mitatu kwa mkupuo kwa sababu walitupunguzia bei kidogo. Baada ya hapo lori likaota mbawa, simu ikawa haipatikani. Hakuna ofisi ya kwenda kulalamika, maana mkataba ulikuwa wa maneno, kati ya akina mama kumi na kijana mwenye daftari. Tukahamia kwa nyingine. Hii ya sasa si mbaya, ila lori lake halina ratiba, lina honi. Jumanne ya ahadi huweza kuwa Alhamisi, na ukiisikia honi acha ugali jikoni, kimbia.

Na hawa jamaa wa lori, Mama Shamim, ungewaona wakifanya kazi! Wawili husimama juu ya rundo, mmoja chini. Wa chini hulipima gunia kwa mkono kwanza. Likiwa limelowa na zito hulifungua palepale getini, na maji ya maganda yanamchuruzikia miguuni wala hajali. Kabla taka hazijafika juu, mkono wake umekwisha kuchomoa chupa za maji na soda, dumu lililopasuka, boksi. Kwenye mbavu za lori wamening'iniza magunia mengine matupu: hili la chupa, hili la plastiki ngumu, maboksi wanayakunja na kuyasokomeza nyuma ya kibanda cha dereva. Lori likifika mwisho wa mtaa, magunia yale yamefura. Hizo chupa huuzwa kwa kilo, na hela yake ni yao, haiingii kwenye daftari la kampuni. Hiyo ndiyo kuchambua taka kwetu, na inafanyika mbio kuliko unavyodhani. Basi usiweke taka kwenye gunia unalolipenda, kwa sababu lile pia linaweza kuondoka likiwa na kazi mpya.

Chupa zenyewe mimi siziachi zifike kwenye lori siku hizi. Yupo kijana anayepita Jumapili na kunilipa kidogo, hela ya kibiriti tu, lakini hupunguza mzigo. Maganda ya matoke nayo yana njia yake. Jirani ana ng'ombe wawili nyuma ya nyumba na kila jioni mwanawe huja na beseni. Ukitoa maganda, majani ya migomba na mabua ya mahindi, gunia la wiki nzima linabaki pampasi, majivu na kaveera, mifuko ya plastiki. Na kaveera, wewe unajua, zilipigwa marufuku tangu 2009, zile nyepesi, lakini nenda sokoni leo ununue nyanya uone utafungiwa kwenye nini.

Ulinitumia ile picha ya mapipa ya mdogo wako aliyeko Leeds, jeusi, kijani na kahawia, yamepangwa nje ya mlango kama askari wa gwaride. Ukasema wenzetu wamejipanga. Wamejipanga kweli, la kijani ni la vitu vya kurejelezwa na jeusi la taka za kawaida. Lakini muulize akuambie ya Bradford, hapo jirani tu: kwao la kijani ndilo la taka za kawaida. Anayehama kutoka mji mmoja kwenda mwingine anajifunza rangi upya. Kumbe hata huko kila halmashauri ina lake. Ila mdogo wako akihama, ubishi wake utakuwa wa rangi na siku ya lori. Wewe ukihama unatakiwa uulize kwanza kama kuna lori.

Halafu kuna hili la Kiteezi, ambalo nyinyi huko Arua mlilisikia redioni na sisi tulilisikia kwa majina ya waliokufa. Tangu 1996 taka za Kampala zilikuwa hazilali Kampala. Zilipelekwa Kiteezi, na Kiteezi iko Wakiso. Yaani jiji lilikuwa likifagia na vumbi likienda kwa jirani. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule wa taka uliporomoka ukafukia nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mwezi uliofuata Rais aliwafukuza kazi wakubwa wa KCCA, na KCCA ikatafuta ardhi ya kutupia Buyala, wilaya ya Mpigi. Wilaya ya mtu mwingine tena. Sisi wa kawaida tuliyajua madhara ya hayo kwa njia ndogo. Malori yalikuwa yanakwenda mbali zaidi, yanarudi jioni, na magunia yakaanza kulala getini siku mbili, tatu. Karoli, wale korongo wala taka, wakahamia mtaani kwetu. Ndege mkubwa vile, kipara, anasimama juu ya ukuta anakutazama kama mdai. Brian aliogopa kwenda chooni nje.

Nisikuonyeshe ubaya tu. Iko miji iliyojaribu jambo la maana. NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walijenga viwanja vya kugeuza taka kuwa mbolea: Mukono pale Katikolo, Jinja pale Masese, Mbarara pale Kenkombe, na Mbale, Soroti, Lira, Kabale, Kasese na Fort Portal. Taka zinamwagwa kwa marundo marefu, zinageuzwageuzwa ili hewa ipite, zioze vizuri bila kutoa ile gesi ya methani, kisha zinachekechwa. Wazo ni zuri mno kwa nchi ambayo karibu kila kinachotoka jikoni kinaoza. Tatizo ni lile lile la getini. Taka zinafika zimechanganyika, kwa hiyo na mbolea inatoka na vijipande vya chupa. Shemeji yangu alinunua magunia ya mbolea hiyo kwa ajili ya kahawa yake, sikutajii mji gani, na wafanyakazi wakakataa kuishika bila glavu. Kama mabaraza yale yangeanza na maganda peke yake, gunia la peke yake na siku yake, leo tungekuwa tunagombania mbolea ile. Lakini lori la pili ni gharama, na diwani haombi kura kwa kuahidi lori la maganda.

Nyinyi wenyewe wa Arua si mnajua? Mwaka 2020 mji wenu ulipofanywa jiji, watu wa Ayivu walilala kijijini wakaamka jijini. Shimo la taka nyuma ya jiko likabaki palepale, sasa likiwa shimo la jiji. Sikulaumu, lile shimo halina madhara makubwa ukiwa na shamba. Wewe ulikuwa unalijaza, unapanda mgomba juu, unachimba lingine. Hapa huna pa kuchimba. Nyumba zote mbili ulizozipata zina kiwanja cha kuanikia nguo tu.

Sasa nije kwenye nyumba zenyewe. Jana nilitoka kazini mapema nikapita kote kuwili. Ya Kireka ni nzuri zaidi, sitaki nikufiche. Vigae vipya, jiko kubwa, na bei iko chini. Mwenye nyumba akaniambia taka "zinashughulikiwa". Mama Shamim, mtu akikujibu hivyo usimwulize tena, muulize askari wa geti. Askari hana nyumba ya kupangisha. Akanichekea, akanipeleka nyuma ya ukuta. Kuna kiwanja kitupu cha mtu aliyeko nje ya nchi. Katikati ardhi ni nyeusi, kuna nyaya za tairi lililoungua, dumu lililoyeyuka nusu, na pampasi moja ambayo moto uliichoka. Wanachoma kila jioni, wapangaji wote, wakishamaliza kupika. Dirisha la chumba ambacho ungewapa watoto linatazama hapohapo, na upepo jana ulikuwa unaelekea ndani. Mimi mwenyewe macho yaliniwasha, na sina pumu. Shamim anayo.

Ya Banda ni ya zamani, bafu linataka kupakwa rangi, na kodi imezidi kwa elfu 50. Lakini kampuni inapita, na ada ya taka imo ndani ya kodi. Sikuridhika na maneno, nikaomba kuona risiti, na mama anayesimamia akanitolea za miezi minne zimefungwa kwa mpira. Kaya sita zinatumia mapipa mawili ya plastiki kando ya geti, yana vifuniko. Jirani mmoja aliniambia wakati wa Krismasi lori lilichelewa wakachanga wakamlipa kijana wa toroli. Wale vijana wa toroli uwe nao macho, hapo na popote. Elfu moja anachukua gunia lako kwa tabasamu, lakini hakuulizi apeleke wapi, nawe ukimuuliza anakwambia "mbali". Mbali ni bondeni, kwenye matete, giza likiingia.

Kwa hiyo mimi nasema Banda. Elfu 50 ile jaribu kuizungumza, yule mama anaonekana mtu wa maneno mazuri, na akisikia wewe ni mtumishi mwenye mshahara wa kila mwezi anaweza kukupunguzia 20. Ukihamia, siku ya kwanza nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, ujitambulishe. Muulize siku ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya mtaa, ni lini, maana hapo wanafagia mitaro na asiyetokea jina lake linasomwa. Wewe uliyekulia kambini haitakusumbua. Unakumbuka Jumamosi za ukaguzi, afande anapitisha kidole juu ya dirisha? Mama yako alikuwa anaficha vyungu vichafu nyumbani kwetu, na mama yangu anavificha vyake kwenu.

Dalali wa Banda anataka jibu kabla ya Ijumaa, ana mtu mwingine anayeiulizia, au anasema hivyo tu, madalali unawajua. Nitumie ujumbe Jumatano nikampe ya kushikia nafasi, utanirudishia ukifika. Ukija usisahau samaki wa angara, wale waliokaushwa vizuri, si kama wale ulionitumia kwa basi wakafika wamelowa. Na unga wa muhogo kidogo. Msalimie Baba Shamim na bibi, na mwambie Shamim kitanda chake kwetu kipo hadi nyumba iwe tayari.

Wako akupendaye,
Mama Brian