Kadi mbili za mama

Reading, Uingereza
6 Aprili 2025

Somo yangu Mariamu,

Asalamu alaikum. Natumaini Idi mmeila kwa furaha na mama anaendelea kupata nafuu ya miguu. Mimi sijambo, baridi imeanza kupungua.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Unaniuliza kama ni kweli huku mwalimu akisema ndoa ni ya mume na mke anafukuzwa kazi, maana msikitini mmeambiwa hivyo, na kumbe padri wetu naye kalisema jambo lile lile Jumapili. Nimeona nikujibu kwa barua, kwa sababu ni jambo ninaloishi nalo.

Kuna mama anaitwa Kristie Higgs. Alifanya kazi shule ya sekondari huko Fairford, Gloucestershire. Hakuwa mwalimu wa darasani. Alishughulikia malezi ya wanafunzi na nafasi zao za kujifunza kazi. Oktoba 2018 aliweka maneno kwenye ukurasa wake wa Facebook, kwa jina lake la kabla ya kuolewa, kupinga watoto wa shule za msingi kufundishwa kuhusu ndoa za jinsia moja na mtu kujichagulia jinsia. Shule yake hakuitaja. Mtu mmoja akampelekea mwalimu mkuu malalamiko, na Januari 2019 mama wa watu akafukuzwa.

Kesi imezunguka miaka sita. Mwaka 2020 alishindwa. Tarehe 12 Februari mwaka huu Mahakama ya Rufaa ikasema alibaguliwa kwa imani yake. Majaji hawakumsifu kwa kila alichoweka. Baadhi ya maneno yalikuwa makali, ingawa mengi aliyachukua kwa watu wengine. Lakini walisema mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa kuwa tu imani yake inawaudhi wengine, na hata kama namna ya kusema imekosewa, adhabu iendane na kosa. Na haukuwapo ushahidi kwamba aliwahi kumtendea mwanafunzi vibaya.

Habari hiyo niliisoma nikiwa nimesimama ndani ya basi, machozi yakanitoka mbele za watu. Ngoja nikwambie kwa nini, maana sikuwahi kukwambia.

Shule ya kwanza niliyofundisha huku, niliweka kwenye status ya WhatsApp kipande cha mahubiri ya harusi ya mdogo wangu, pale padri anaposema Mungu aliwaumba mume na mke wawe mwili mmoja. Kesho yake nikaitwa ofisini. Mwalimu mkuu hakunifokea. Alinisomea kanuni za kazi taratibu, akaniambia nikitoe. Nikakitoa palepale, simu ikinitetemeka mkononi. Somo yangu, viza yangu imefungwa kwenye ajira. Ukiachishwa kazi, Serikali ikishafupisha viza yako kwa kawaida unabaki na siku 60 kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Mzaliwa wa hapa anaweza kwenda mahakamani miaka sita; mimi ningekuwa nimesharudi Tanga na sanduku langu. Mwaka mzima baada ya hapo hata aya ya Zaburi niliogopa kuiweka.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: sheria haisemi ufukuzwe, lakini wapo wanaofukuzwa, na wengi zaidi wananyamaza kabla hawajaguswa. Sioni haki katika hilo. Ndoa ya jinsia moja imekuwa halali hapa tangu 2014, na sheria hiyohiyo imeyaachia makanisa na misikiti uhuru wa kutoifungisha. Sasa kama msikiti una haki ya kuamini hivyo, mwalimu anayeswali humo anaipotezaje akivuka geti la shule?

Ila usiondoke na upande mmoja. Kanada kulikuwa na mwalimu mshauri wa wanafunzi, huko Quesnel, aliyeandika gazetini mara nyingi dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, akijitambulisha kwa kazi yake. Alisimamishwa mwezi mmoja, na mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya jimbo la British Columbia ikakubali adhabu ile. Kesi hiyo imenisumbua. Nadhani majaji waliona nilichokiona mwenyewe darasani wiki mbili zilizopita.

Tulikuwa tunatengeneza kadi za Siku ya Mama. Watoto wangu wana miaka sita. Binti mmoja akaja mezani kwangu, mkasi mkononi, gundi imemkaukia vidoleni. Akasema, "Mwalimu, mimi nataka karatasi mbili. Nina mama wawili." Halafu hakuondoka. Alisimama akinitazama usoni. Unaijua ile namna mtoto anavyosoma uso wa mwalimu kabla hajajua amekosea au hajakosea. Nikampa ya kijani na ya njano, nikamuuliza kila mama anapenda nini. Moja akaichora maua. Nyingine akaichora basi, kwa sababu huyo mama ni dereva wa basi. Magurudumu yalikuwa sita, nikamsaidia kuyakata.

Imani yangu haijabadilika. Ninaamini alichosema padri siku ile ya harusi. Lakini mtoto yule hakuja kuniuliza theolojia, alikuja kuomba karatasi, na angeona uso wangu umekunjika angekwenda nao nyumbani. Kanuni za walimu za hapa zinakataza kutumia imani yako kwa kumwonea mtoto aliye dhaifu mbele yako. Hiyo naikubali kwa moyo wote. Uhuru ninaoudai ni wa kanisani, wa nyumbani kwangu, wa ukurasa wangu. Kule darasani nimekabidhiwa watoto wa watu.

Na kuna swali linaninyima usingizi, nami nakuuliza wewe kwa sababu hutanificha. Tuseme mwalimu wa kwetu Tanga, Mkristo au Mwislamu, anaandika kwenye ukurasa wake kwamba kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachoadhibu mapenzi kinyume cha maumbile, kifutwe. Hajamgusa mwanafunzi, hajaitaja shule. Wakija kumfukuza, wewe na mimi tutasimama naye? Nimejaribu kusema ndiyo kwa sauti, peke yangu jikoni. Nilisema, ila ilinichukua muda.

Nijibu ukipata nafasi, hata kama utanigombeza. Nisalimie wanao wote, na umwambie mama dawa ya miguu nimeshampa mtu anayekuja huko mwezi wa tano.

Ni mimi somo yako,
Maria