Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kichocheo cha ubongo kisiingie kwenye bima bila betri yake

Mheshimiwa Waziri,

Distonia hukaza misuli bila mwenyewe kutaka: shingo inageuka mpaka kidevu kinagota begani, mguu unajipinda. Wapo ambao wakigusa kidevu kwa kidole kimoja tu, shingo hulegea kidogo. Jirani akiona hivyo husema mtu anajifanya, au ana mashetani. Shida iko kwenye ubongo, na inatibika kwa kiasi kikubwa.

Kitita cha mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 kikija kugusa kichocheo cha ubongo, yaani kifaa cha betri kinachopandikizwa mwilini kupeleka umeme kwenye ubongo, tunakuomba kisilipie upasuaji peke yake.

Kwanza, asipasuliwe mtu ambaye hajajaribiwa dawa ya levodopa. Ipo distonia ya utotoni inayozidi jioni na kupungua asubuhi, ambayo dozi ndogo ya kidonge hicho huituliza kabisa. Ugonjwa wa Wilson, wa kurithi, unaolundika madini ya shaba mwilini, nao upimwe. Kwa distonia ya shingo peke yake, mara nyingi hutosha sindano ya botulinamu, dawa ya kulegeza misuli, kila baada ya miezi 3.

Wanaobaki, hasa wenye distonia ya kurithi ya jeni la TOR1A, hufaidika sana. Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 22 walipimwa baada ya mwaka mmoja, na wastani wa alama za ukali wa ugonjwa ulishuka kutoka 46.3 hadi 21.0. Waliougua kwa kuumia ubongo wakati wa kuzaliwa hupata nafuu ndogo zaidi, na familia zao ziambiwe hivyo mapema.

Waya mbili, unene wa takriban milimita 1.3, huingizwa hadi globasi palidasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, kulia na kushoto. Nyaya za kuunganisha hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio, zikashuka hadi betri iliyo chini ya mtulinga. Kiungio cha waya na nyaya hizo kikae juu ya fuvu. Kikiachwa shingoni, shingo inayojinyonga huvuta waya hadi ukatike. Kidonda cha kifuani kikitunga usaha, mara nyingi betri hutolewa.

Mgonjwa hanyooki siku ya upasuaji. Mitikisiko hupungua kwa siku au wiki, lakini mkazo wa kudumu huchukua miezi, hata mwaka. Muda wote huo mtaalamu wa kurekebisha kifaa hujaribu ncha za waya, moja baada ya nyingine, kwa kawaida akianza na mapigo kama 130 kwa sekunde. Umeme ukizidi, uso huvutika na ulimi huwa mzito. Hospitali isiyo na mtaalamu huyo isianze.

Betri isiyochajiwa hudumu takriban miaka 3 hadi 5, wakati mwingine pungufu, maana distonia hula umeme mwingi. Ikizimika ghafla, mkazo unaweza kurudi kwa nguvu hadi mgonjwa ashindwe kupumua, na hapo ni ICU. Betri mpya inunuliwe kabla ya ile ya zamani kuisha. Ya kuchajiwa hudumu zaidi, ila ni lazima familia ifundishwe kuichaji, na ijue la kufanya umeme ukikatika.

Tunaomba pia waraka kwa vitengo vyote vya fiziotherapia: mwenye kifaa hiki asiwekwe kwenye mashine ya diathemi, ile inayopasha misuli joto kwa mawimbi, hata dakika moja. Nishati yake hufuata waya, ikawa joto na kuunguza ubongo. Kila mgonjwa apewe kadi inayosema hivyo kwa Kiswahili.

Wako katika huduma,
Wahudumu wa wagonjwa wa distonia