Uzio wa mabati umeshika kutu, nyumba hatujaziona

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ile habari yenu ya nyumba tulizoahidiwa kwenye kiwanda cha zamani kando ya reli, upande wa Kizota hapa Dodoma, ndiyo imenitoa kimya. Mwandishi wenu kaambiwa "mchakato unaendelea vizuri", naye kaibeba kauli hiyo ilivyo na kuichapa. Hakuuliza ni mchakato gani, wala umefikia wapi.

Angevuka barabara akachungulia kwenye uzio, angeona. Bango lililosimikwa mwaka 2019 lilichorwa maghorofa ya rangi ya krimu, na barazani mama na mwanawe wanapunga mkono. Jua letu limelamba rangi, limeanzia kwenye nyuso. Mama hana uso tena, mtoto kabaki mkono mtupu. Maneno "Nyumba za gharama nafuu" bado yanasomeka vizuri. Nyuma ya bango hakuna msingi uliochimbwa, hakuna hata kigingi cha mpima ardhi. Kuna mbigiri, na malori yanayolala humo usiku.

Na kuna mapaa. Majengo yale yaliezekwa kwa asbesto, na hiyo ndiyo sababu tuliyopewa ya kuchelewa mwaka wa kwanza: lazima itolewe kitaalamu, ilowanishwe maji, ifungwe kwenye nailoni, ikazikwe mahali maalumu, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Tukaelewa, tukasubiri. Wataalamu hawakuja. Wamekuja vijana wa mtaani, wanavunja kwa nyundo, wanabeba vipande kuezekea mabanda ya kuku. Mwezi uliopita nimemkuta mtoto wa jirani yangu, wa darasa la pili, anachora sakafuni kwa kipande cha paa lile kama chaki. Nimemnyang'anya, nimemnawisha mikono, na usiku sikulala.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule, cherehani yangu iko Majengo karibu na soko. Mwaka 2021 tuliitwa tuchukue fomu za kuomba nyumba hizo. Nililipa shilingi 20,000, nikaandikwa kwenye daftari kubwa lenye jalada jekundu, nikapewa kipande cha risiti. Mwaka jana mwenye nyumba wangu kaniambia nihame, kampata mtumishi atakayelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Nikafunga cherehani siku ya Jumatatu, wiki ya kufungua shule, siku ambayo mshonaji hafungi, nikaenda kwenye ile ofisi iliyotuandikisha kuulizia namba yangu. Nilifika saa mbili asubuhi. Saa sita binti wa mapokezi akaniambia, "Mama, daftari la mwanzo limeliwa na mchwa, ujaze fomu nyingine." Nikamwuliza, na hela je? Akasema fomu mpya ni 30,000. Nikamwonyesha risiti. Akaitazama mbele na nyuma, akasema muhuri huo hawautumii tena. Muhuri ni wao, wino ni wao, daftari walilitunza wao, mchwa wamewalea wao, halafu anayelipa upya ni mimi! Nimezaliwa hapa hapa Dodoma na mchwa nawajua. Hawali daftari usiku mmoja. Wanakula kitu kilichowekwa chini na kusahauliwa mwaka na zaidi. Niliondoka pale natetemeka, na sare za watoto kumi na mmoja zilichelewa kwa sababu yangu.

Watu wa Dodoma hatuna papara. Tuliambiwa mji wetu ni makao makuu mwaka 1973, na serikali ikaanza kuhamia kweli mwaka 2016. Lakini wageni walipoanza kuja hawakutusubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika mji huu, ya 2022 ikahesabu 765,179. Chumba nilichokuwa nalipia 30,000 kabla ya 2016 leo ni 80,000, choo cha nje, umeme wa Luku wa kuchangia, na maji ya bomba kwa zamu. Kila mwezi mchakato wao "unapoendelea vizuri", tofauti hiyo ya 50,000 inatoka kwenye sare ninazoshona.

Na hawa madalali nao, Mhariri, mbona hamuwaandiki? Nilipofukuzwa nilizungushwa na dalali Nkuhungu, Chang'ombe hadi Ipagala, kila mlango 5,000 ya kuonyeshwa. Vyumba viwili kati ya hivyo vilikuwa na watu ndani wanapika. Nikipata chumba, dalali anataka kodi ya mwezi mzima iwe yake, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Mshonaji atoe wapi hela ya miezi saba kwa siku moja?

Ninachoomba si kikubwa. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, wahusika waje pale getini na mwenyekiti wa mtaa awepo. Walete meza. Kila mwenye risiti ya 2021 aje nayo, majina yasomwe kwa sauti na kuandikwa upya bila malipo, katika madaftari mawili: moja lao, moja likae kwa mwenyekiti, kwenye kabati la chuma. Siku hiyo hiyo watuambie asbesto inatolewa tarehe ngapi na nani anaitoa. Kama fedha za maghorofa hazipo, waseme hazipo, wajenge vyumba vya chini hata arobaini kwa kuanzia, tutavikubali. Na mwandishi wenu aje, akae nasi mpaka jina la mwisho lisomwe.

Risiti yangu ni namba 214. Ipo kwenye kopo la vifungo, muhuri wake haujafutika.

Mpangaji na mshonaji,
Majengo, Dodoma