Nyumba ya Umma, Kima wa Umma, Ndoo Yangu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Dodoma.

YAH: TUNDU LA PAA LISILO NA MWENYEWE

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Moshi, upande wa Rau. Masika yamepita, namshukuru Mungu, na yameniachia ndoo mbili sebuleni, beseni moja jikoni, na harufu ambayo wageni wanaivumilia kwa adabu mpaka chai inapoisha.

Ni mwalimu mstaafu. Huu ni mwaka wa kumi na moja napanga katika nyumba ya umma. Taasisi yenye nyumba sitaitaja, maana waliomo ofisini ni watumishi kama nilivyokuwa mimi, na wakikuambia "fungu hakuna" mara nyingi wanasema kweli. Sikuandikii ili mtu afukuzwe kazi. Nakuandikia kuhusu tundu.

Tundu lenyewe liko juu ya jiko, upana wake kama sinia. Lilianza na msumari mmoja. Mabati yetu ni ya zamani, yameshika kutu kwenye mikunjo, na msumari ukishalegea bati huanza kupiga kelele upepo unaposhuka kutoka mlimani jioni. Nilitoa taarifa ya kelele hiyo. Ingekuwa kazi ya fundi mmoja na ngazi, nusu saa. Hakuja mtu. Siku moja akaja kima.

Nilimwona kwa macho yangu. Alikaa juu ya paa, mkono mmoja una ganda la ndizi ya jirani, mwingine unapima ncha ya bati: anaivuta, anaiachia, anasikiliza inavyolia, anaivuta tena. Watoto wa mtaani wakacheka. Siku ya tatu ncha ilikuwa imesimama, na yeye alikuwa ndani ya dari anatembea juu ya vichwa vyetu kama mkaguzi wa shule. Akatoka, akarudi na wenzake. Walipochoka na giza la humo wakaenda zao. Hapo ndipo popo walipohamia.

Hao popo hawatembei. Wanakaa, na wanaacha uchafu. Silingibodi ya jikoni imelowa na kuvimba, ina alama ya kahawia ambayo mjukuu wangu anasema ni ramani ya Ziwa Victoria. Tumejaribu kuchoma pilipili. Tuliotoka nje tukikohoa ni sisi, popo walibaki.

Nisieleweke vibaya, Mheshimiwa. Mtu anayeishi karibu na Msitu wa Rau akilalamika kwamba kuna wanyama ni sawa na aliyejenga ufukweni akashangaa mawimbi. Ule msitu ni bahati yetu. Miji mingapi ya nchi hii unaweza kutembea kwa miguu kutoka stendi na kabla jua halijawa kali ukawa chini ya mvule, mbega weusi kwa weupe wanaruka juu yako na ile mikia yao kama pindo la kanzu? Kuna mti pale unaitwa msoo, wanasayansi wameubakiza na jina hilo hilo katika Kilatini chao, na mahali unapoota duniani ni pachache sana. Mbega hata simshitaki, yeye anakula majani na hana haja na jiko langu. Popo nao, ukiacha adabu yao ya chooni, wanashinda usiku kucha wanakula wadudu, na sisi tunaopakana na majaruba ya mpunga tunajua mbu ni nini.

Jirani mmoja alinishauri sumu. Mwingine akasema tukate miti yote iliyo karibu na nyumba. Nilikataa yote mawili, na kukataa kwenyewe hakukuwa rahisi siku ile dari ilipodondosha kipande ndani ya sufuria ya mtori.

Sasa sikiliza safari ya barua zangu. Ofisi ya nyumba ilinijibu kwamba uharibifu uliofanywa na mnyamapori si uchakavu wa kawaida, niende kwa watu wa wanyamapori. Nikaenda. Kijana wa huko alikuwa mstaarabu, akanipa kiti, akaeleza kwamba mnyama akishaingia ndani ya nyumba dawa yake ni kuziba tundu, na tundu ni la mwenye nyumba. Kisha akasema jambo la maana kuliko yote niliyoambiwa na ofisi yoyote: nisizibe sasa, kwa sababu popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, na nikiziba kabla mtoto hajaweza kuruka atafia ndani, harufu itakuwa mara mbili. Nilimuuliza kama anaweza kuja kuangalia ni lini watakuwa tayari. Akaangalia pikipiki iliyoegemezwa ukutani, akaniambia mafuta ya mwezi yamekwisha. Ilikuwa tarehe tisa.

Nikarudi ofisi ya kwanza na ushauri huo kwa maandishi. Wakapiga muhuri IMEPOKELEWA. Ninayo mihuri sita ya namna hiyo. Nilipokata tamaa nikamwita fundi kwa pesa yangu, nikanunua bati mbili na misumari, nikaambiwa mpangaji haruhusiwi kubadili chochote katika mali ya umma bila kibali. Bati zimesimama nyuma ya mlango wa chumbani mpaka leo, mpya, zinang'aa.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, wako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Naikubali sheria hiyo kwa mikono miwili. Bila ya hiyo mbega wa Rau wangekuwa wameshageuzwa mapambo ya ngozi zamani. Lakini fuata hesabu, Mheshimiwa. Nyumba ni ya umma. Kima ni wa umma. Ndoo tu ndiyo yangu.

Wapo watakaosema kuna kifuta jasho na kifuta machozi, yale malipo ya serikali kwa walioathiriwa na wanyamapori. Vipo, na kanuni zake zilitungwa 2011. Lakini sheria inazungumzia mtu aliyepoteza maisha au kuumizwa, mifugo na mazao, tena kwa wanyama wakali. Tembo akilala kwenye mahindi ya mtu kule Rombo kuna fomu. Popo akilala kwenye dari ya mjini hakuna fomu, na kusema kweli sitaki fomu. Kifuta jasho kwa ajili ya bati lililokosa msumari ni aibu yetu sote. Nataka msumari.

Nimeshauriwa nimwandikie Waziri wa Ardhi kwa sababu ya nyumba, wengine wakasema Waziri wa Maliasili kwa sababu ya popo. Nimekuchagua wewe kwa sababu hapa mjini hayo mawili yanakutana halmashauri. Sera ya wanyamapori inatungwa kwingine, lakini ofisa anayepaswa kupanda pikipiki analipiwa mafuta na halmashauri. Na halmashauri inaishi kwa yale unayoiruhusu ikusanye na yale unayoiagiza itumie.

Nilifundisha hisabati miaka thelathini na miwili, kwa hiyo niwie radhi kidogo. Zamani kodi ya majengo ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Mwaka 2016 ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia 2023 ikawa 1,500. Nikinunua umeme nakatwa mimi mpangaji, na huyo mwenye nyumba wa umma hata hajui ni lini nimenunua. Sikatai kulipa. Ila ile kodi ilikuwa na jina: majengo. Mtu alikuwa akiikusanya akipita mlangoni, anaona paa, anaona ufa. Sasa mashine inaikusanya, na mashine haijui kuinua macho.

Kisha kuna mapato ya ndani. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Binti yangu alianzia hapo na cherehani moja, siwezi kuisema vibaya. Juu ya hapo kuna agizo la kupeleka sehemu kubwa, kulingana na uwezo wa halmashauri, kwenye miradi ya maendeleo. Na hapa ndipo mimi na ndoo zangu tunapoachwa. Darasa jipya ni maendeleo. Zahanati mpya ni maendeleo. Kupigilia msumari kwenye paa lililopo ni matumizi ya kawaida, na matumizi ya kawaida ndiyo ya kwanza kukatwa makusanyo yakishuka. Sijawahi kuona Mwenge wa Uhuru ukisimama kuzindua ukarabati wa bati. Hakuna aliyewahi kukata utepe wa msumari.

Matokeo yake unayaona ukipita mtaani kwetu. Nyumba ya tatu kutoka kwangu ilikuwa ya serikali, ikauzwa kwa mtumishi katika lile zoezi la miaka ya 2000. Leo ina bati la msauzi jekundu, geti la chuma, na kima anapita juu yake kama anapita barabarani, hana pa kushika. Wapo wanaoninyooshea nyumba hiyo kama ushahidi kwamba kilichobaki nacho kiuzwe. Mimi naiona tofauti. Aliyeinunua alipewa kitu kimoja ambacho sisi wengine hatuna: pesa ya nyumba ile inabaki kwenye nyumba ile. Ya kwangu inaondoka kila mwezi ikiwa kodi ya pango na hairudi hata kuchungulia. Na nyumba za umma zikiisha, mwalimu anayeanza kazi mwaka huu atapanga wapi kwa mshahara ule?

Ombi langu la kwanza ni sheria, au walau waraka, kwamba sehemu maalumu ya kodi ya pango ya kila nyumba ya umma, iwe ya halmashauri au ya taasisi nyingine iliyo ndani ya mipaka yake, itengwe kwa ukarabati na isiguswe kwa jambo lingine. Mliweza kutenga asilimia 10 kwa mikopo. Hata nusu ya hiyo, kwenye pango tu, ingetosha misumari. Wapangaji tuonyeshwe hesabu hiyo kwenye ubao wa matangazo wa mtaa, kama tunavyoonyeshwa majina ya wapiga kura.

La pili ni dogo kwa fedha. Halmashauri zilizopakana na misitu na hifadhi, na huku Kilimanjaro na Arusha ni nyingi, ziwe na kasma, yaani fungu la bajeti, ya ofisa wanyamapori inayomfikisha mpaka mwisho wa mwezi. Kazi yake mjini si kufukuza tembo. Ni kumwambia fundi lini apande ngazi. Yule kijana alijua jibu la tatizo langu lote, ila alikosa lita tatu za petroli.

Na la tatu, mpangaji anayetengeneza kwa risiti halali, baada ya kutoa taarifa na kungoja siku kadhaa mtakazozipanga, akatwe gharama hiyo kwenye kodi yake badala ya kutishiwa. Zile bati mbili nyuma ya mlango zinaniuma kuliko tundu lenyewe.

Wiki iliyopita, jioni, nilikaa uani na mjukuu tukawahesabu popo wakitoka tunduni. Tulifika mia moja na arobaini akasinzia. Wengine walikuwa wadogo, wanaruka kwa kuyumba kama mtu anayejifunza baiskeli. Nadhani muda wa kuziba unakaribia. Fundi yupo, bati zipo, misumari ipo. Kinachosubiriwa ni kibali.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpangaji,
Rau, Moshi.

Nakala: Ofisi ya nyumba (kwa ajili ya muhuri wa saba).